Nusu Dakika ya Editha

Editha wa Shelui hana tabia ya kusahau. Mwalimu aliyemwita kichwa maji mbele ya darasa zima alikuja kumpelekea simu miaka kumi na minane baadaye, mzee wa watu, nywele zimeshakuwa nyeupe. Editha alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akambadilishia kioo, akaisafisha mpaka ikang'aa, kisha akaigeuza lugha ikawa Kichina. Mwalimu alihangaika nayo wiki nzima. Aliporudi, Editha alimrekebishia akicheka vizuri kabisa, kwa sababu sasa walikuwa sawa.

Mtu wa namna hiyo ukimchokoza, ujue umejitafutia. Na Chrispin alimchokoza.

Kibanda cha Editha cha kutengeneza simu kipo kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama kupoza breki yakishateremka mlima Sekenke. Ana miaka thelathini na sita, hajaolewa na hataki kuulizwa, na kwa miaka tisa ndiye aliyepiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa lao. Solo ndilo gitaa linaloongea. Rithim kazi yake ni kuitikia. Kwa miaka tisa Editha alikuwa anaongea, na Chrispin, ambaye kazi yake ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, alikuwa anaitikia.

Halafu Chrispin akaenda Dar es Salaam, akarudi na pedali ya gitaa, kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachobadilisha sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye spika. Ilikuwa na taa za rangi na kioo kidogo chenye maandishi. Kwaya ile ina utaratibu wake wa siku nyingi ambao haukuandikwa popote: aliyeleta chombo ndiye anayechagua nafasi. Aliyenunua kinanda ndiye mpiga kinanda, hata kama vidole vyake ni vya kupalilia alizeti.

"Dada Editha," mwalimu wa kwaya, Simeoni, akamwambia siku ya mazoezi bila kumtazama usoni, "sasa wewe shika rithim. Solo atapiga kaka Chrispin."

"Mwalimu, ule mwanzo wa Naamani nimeutunga mimi."

"Hakuna anayekataa. Lakini sauti, dada. Sauti."

Chrispin akaona asipite hivi hivi. "Tuseme ukweli jamani. Gitaa la dada yetu linalia kama mbu kwenye kopo. Tukienda nalo kwenye tamasha Kiomboi watu watatafuta chandarua."

Walicheka wote, hata masoprano ambao simu zao alikuwa akizitengeneza bure. Editha aliwatazama mmoja mmoja, akawahifadhi.

Kicheko angeweza kukilipa kidogo kidogo. Kilichomchoma hasa ni ule mwanzo. Naamani ulikuwa wimbo wa kwaya, habari ya yule mkoma wa Biblia aliyepona, lakini gitaa la kuufungulia, zile sekunde arobaini kabla ya sauti za watu, alizitunga yeye akimuuguza mama yake hospitalini Kiomboi. Hakuwa na gitaa kule. Alizitunga kwa vidole kwenye ukingo wa kitanda, na mama yake akawa anauliza, unahesabu nini mwanangu. Mama hakutoka. Kwaya nzima ilijua habari hiyo, ilikuja msibani, ilikula pilau. Na sasa baada ya miezi mitatu kulikuwa na tamasha la kwaya huko huko Kiomboi, na zile sekunde arobaini zingepigwa na mnunua dhahabu.

Editha alirudi nyumbani akiongea peke yake njia nzima. Alitaka solo yake, aipige Kiomboi. Na alitaka Chrispin aaibike mbele za watu, wengi kadiri itakavyowezekana. Ukimuuliza lipi alilitaka zaidi, angekwambia yote mawili, na angekuwa anadanganya.

Pedali ya dukani hakuweza kununua, na hata angeweza asingetaka kuwa na kitu kilekile cha adui yake. Usiku mmoja, kwenye simu ya mteja aliyokuwa akiipima, akaiona video ya mzungu mwenye ndevu anayetengeneza pedali kwa mkono. Ndani ya pedali ile hakukuwa na vitu vidogo vyeusi kama vya kwenye simu. Kulikuwa na kichupa cha kioo, kile ambacho mafundi wa redio za zamani huita vali, na ndani yake uzi mwembamba ukiwaka rangi ya kaa la moto. Mzungu akakanyaga, akapiga gitaa. Sauti ilitoka nene, ya moto, ina mchanga kidogo pembeni, kama ya mtu mzima aliyelia akamaliza. Editha akairudia video mara kumi na moja. Kiingereza chake ni cha kusomea maandishi ya simu, lakini mchoro wa nyaya hauna lugha. Akauchora kwenye daftari.

Vitu vingine havikumsumbua. Kapasita na rezista alizichomoa kwenye amplifaya mbovu. Boksi alitumia lile la chuma linalofukiwa ukutani kushikilia swichi. Umeme ungetoka kwenye betri ya pikipiki. Swichi ya kukanyaga ndiyo iliyomsumbua, mpaka alipokwenda kwa Noel, fundi umeme wa magari pale kituo cha malori.

"Malori ya zamani yalikuwa na swichi ya kukanyaga sakafuni," Noel akamwambia, akichakura kwenye debe la vyuma. "Dereva anakanyaga, taa zinakwenda fulu. Anakanyaga tena, zinarudi dimu. Hii hapa. Hii hata ukiikanyaga na buti miaka ishirini haifi."

"Nitaikanyaga na hasira."

"Basi itakufa," Noel akasema, akampa.

Vali yenyewe ilimpeleka mpaka Singida mjini, kwenye duka la mzee Hirji. Zamani lilikuwa duka la redio. Siku hizi mke wa mwanawe, Anjali, anauza sufuria na ndoo, na mzee anakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki akilinda masanduku mawili ya vali ambazo Anjali amekuwa akitaka kuzitupa tangu alipoolewa. Editha alimwamkia, akaeleza shida yake. Mzee alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Unataka kumwonyesha nani?" akauliza.

"Kumwonyesha nini, mzee?"

"Mimi nimeuza redio miaka arobaini. Hakuna mtu alinunua redio kwangu kwa ajili ya kusikiliza. Kila mtu alitaka kumwonyesha jirani."

Editha akakubali kwamba yupo mtu mmoja. Mzee akachekea puani, akachagua vali moja, akaifuta kwa shati lake. Akamwonya kitu kimoja tu: asijaribu umeme wa ukutani kama ule wa redio za zamani, kwa sababu ule unaua hata ukiwa umeshachomoa waya. "Kwa betri itaongea kwa upole," akasema, "lakini wewe utabaki hai kumtesa jirani yako."

Editha alilehemu siku nne. Alikuwa fundi, mkono wake hautetemeki, kila tone la risasi lilikaa mahali pake likang'aa. Akafunga betri. Akangoja. Vali haikuwaka. Akapima betri, nzima. Akapima nyaya moja moja akifuata mchoro, zote sawa. Siku ya tatu ya kungoja kioo kile kiwake aliinuka akaupiga teke mguu wa meza, akaumia, akapanda basi la asubuhi kwenda Singida, na njiani alikuwa ameshaamua Hirji naye anaingia kwenye orodha.

"Mzee, shikamoo. Umeniuzia maiti."

Hirji akaipokea ile kazi, akaitazama, akaipindua. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Anjali akaacha wateja akaja kuangalia kama baba mkwe wake anakohoa.

"Wewe fundi simu?"

"Ndiyo."

"Simu unaitazama toka juu. Bodi iko mbele yako, unahesabu toka juu." Akamwonyesha ile miguu tisa ya vali, akahesabu kwa kucha. "Hii inahesabiwa toka chini, toka huku inakochomekwa. Umehesabu kinyumenyume. Umepeleka moto kwenye mguu usio wa moto. Maiti ni hesabu yako."

Editha aliona aibu mpaka masikio yakawasha. Lakini alichukua pasi ya kuchomea ya mzee, iliyokuwa na umri kumpita yeye, akakaa sakafuni kati ya ndoo za Anjali, akabandua nyaya zote na kuzihamisha. Alipofunga betri hakikutokea kitu. Wakatazama wote watatu. Kisha ndani ya kioo, polepole, ule uzi ukaanza kuwa mwekundu. Ilichukua nusu dakika mpaka ukawa na rangi kamili.

"Ndivyo ilivyo," mzee akasema. "Lazima ipate moto kwanza. Ukiiharakisha haikusikii."

Jioni ile kibandani Shelui alichomeka gitaa, akasubiri ile nusu dakika, akakanyaga swichi ya lori, akapiga sekunde arobaini za Naamani. Dereva mmoja aliyekuwa amelala chini ya tela akatoka akasimama mlangoni. Editha alilia, na alilia kwa hasira, akiwaza wote waliocheka.

Jumamosi akaipeleka mazoezini. Akaweka boksi lake sakafuni, betri ndani ya kikapu cha sokoni, akafunga nyaya, akangoja.

"Hiyo ni pedali au jiko la mkaa?" Chrispin akauliza. "Tulete kipepeo?"

Wakacheka tena. Lakini ilipopata moto akapiga, na hakuna aliyecheka. Aliposhusha mkono, mwimbaji mmoja wa besi alisema "mama yangu" kwa sauti ndogo. Chrispin aliitazama pedali yake yenye taa za rangi, kisha akatazama dirishani. Editha akamgeukia mwalimu. Utaratibu ulikuwa ule ule: ameleta chombo, achague nafasi.

Simeoni akajikuna shingo. "Ni nzuri, dada. Nzuri mno. Lakini Kiomboi hatuwezi kusimama tukingoja kitu kiwake. Na kaka Chrispin ndiye aliyetupa lori la kutupeleka. Mwaka huu tuache hivyo."

Tusimsingizie Editha kwamba alisamehe. Alisema "sawa, mwalimu," akafunga kikapu chake.

Kiomboi uwanja ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa juu ya ukuta. Kulikuwa na jukwaa la mbao, spika za kukodi, na jenereta nyuma ya turubai iliyokuwa ikinguruma na kukata pumzi tangu asubuhi. Editha alikuwa amekuja na boksi lake, kwa rithim, hakuna aliyemkataza. Walipopanda jukwaani alikuwa ameshafunga betri. Kupitia tundu alilotoboa ubavuni mwa boksi aliuona uzi ukiwaka vizuri, tayari.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti kuwatambulisha. Wakati huo huo jenereta ikashtuka. Umeme ukapanda, spika zikapiga kelele, na pale mbele ya miguu ya Chrispin taa za rangi zikazimika zote kwa mara moja. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda. Chrispin akakanyaga, akakanyaga tena. Spika zilirudi. Pedali yake haikurudi.

Editha alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, gitaa begani, kifaa chake kinawaka, vidole vimeshakaa kwenye nyuzi mahali mwanzo wa Naamani unapoanzia. Akamtazama Simeoni. Kilikuwa kitu rahisi kabisa kusema: piga wewe.

"Editha," Simeoni akanong'ona, jasho likimtiririka, "mpe Chrispin kifaa chako. Upesi."

Kitu fulani kikatulia ndani yake. Alijua wakati ule kwamba hata jenereta ingelipuka na mbao za jukwaa zingevunjika, Chrispin angepewa mbao za kusimamia. Basi. Solo ameikosa. Lakini lile la pili alilolitaka lilikuwa limeletwa mikononi mwake na mwalimu mwenyewe.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Akabeba boksi na kikapu mpaka miguuni pa Chrispin, akachuchumaa, akatandaza kitenge chake kuficha mikono, akachomoa waya mwekundu wa betri. Mshereheshaji alikuwa bado anaendelea: kwaya imetoka Shelui, ina waimbaji ishirini na wanane, imefuatana na mchungaji, na katibu, na mama mlezi, na dereva. Mungu ambariki kwa maneno yake mengi, Editha akawaza. Ndani ya tundu ule wekundu ukafifia, ukafa. Mshereheshaji aliposema "tuwakaribishe kwa makofi", akarudisha waya. Mtu yeyote akija kukagua atakuta kila kitu kimefungwa sawasawa.

"Tayari, kaka," akamwambia Chrispin, akarudi mahali pake.

Simeoni akashusha mkono. Chrispin akakanyaga swichi ya lori, akapiga uzi wa kwanza, na hakikutoka kitu. Akapiga tena. Uwanja mzima ukanyamaza kumtazama mwanamume wa shati jeupe anayekuna nyuzi zisizolia. Mtoto mmoja akacheka pale mbele. Ilikuwa tamu, tena tamu kupita alivyokuwa ameifikiria miezi yote mitatu, na Editha akaanza kuzihesabu sekunde zake ili asipoteze hata moja. Moja. Mbili. Tatu.

Ya nne Chrispin akainama kwenye kipaza sauti.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!" uwanja ukajibu.

"Watu wa Kiomboi siwasikii! Bwana Yesu asifiwe!"

"AMINA!"

"Hebu mgeukie jirani yako, mwambie, jirani, leo utapona kama Naamani!"

Maelfu ya watu wakageukiana, wakashikana mikono, wakaambiana kwamba watapona, wakacheka, wakapunga vitambaa. Editha alikuwa amehesabu kila kitu: miguu tisa ya vali toka chini, nguvu ya betri, muda wa uzi kupoa na muda wa kuwaka. Hakuwa amewahesabu Wakristo. Nusu dakika kwao si kitu, wanaweza kuijaza hata wakiwa usingizini. Chrispin akarudisha vidole kwenye nyuzi bila haraka, na zile sekunde arobaini zikatoka nene, za moto, zina mchanga pembeni, zikaenda mpaka kwa watu waliokaa juu ya ukuta.

Aliupiga vizuri. Hilo ndilo baya. Hakukosea hata noti moja, alikuwa amemsikiliza miaka tisa. Akina mama wakapiga vigelegele kabla kwaya haijafungua mdomo, na Editha akaitikia kwa rithim kavu ambayo haikusikiwa na mtu.

Wimbo ulipoisha makofi yakakataa kukoma. Chrispin akashika tena kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mashine yangu iliungua hapa hapa mbele yenu. Mnamwona huyu dada? Anaitwa Editha. Hii mliyoisikia ameitengeneza kwa mikono yake, kule Shelui. Na ule mwanzo wa gitaa ni wake, aliutunga akimuuguza marehemu mama yake hapa hapa Kiomboi. Leo amenisitiri. Nami naomba Mungu amlipe, sawasawa kabisa na moyo aliokuwa nao wakati ananipa. Semeni amina."

"AMINA!"

Wakamvuta mbele. Mchungaji akamwekea mkono kichwani. Mama mlezi akamkumbatia huku akilia. Simeoni akatangaza kwamba kuanzia leo solo ni ya dada Editha, na yeyote anayepinga aseme, na hakuna aliyepinga. Yote aliyoyataka alipewa ndani ya dakika tano, kwenye uwanja ule aliotaka kuyapatia, na kila lililoingia mikononi lilimchoma.

Baadaye, nyuma ya lori, Chrispin akamletea boksi lake amelishika kwa mikono miwili, kwa sababu bado lilikuwa la moto.

"Nilikuona ukichomoa waya," akasema.

Editha akakaza fundo la kitenge chake.

"Ulijiziba na kitenge kwa upande wa watu. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimeinama nachomeka gitaa. Nikakumbuka lile jiko letu la mkaa linavyongoja nusu dakika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, tungegombana jukwaani, na wewe ungekuwa dada aliyeonewa. Ungeshinda." Akamkabidhi boksi, akajifuta mikono kwenye suruali taratibu. "Nikaona heri nikushukuru. Nitakushukuru na Jumapili, kanisani. Na Jumapili nyingine pia."

Editha akaliegemeza boksi kwenye gurudumu la lori. Mama mmoja wa Kiomboi ambaye hawajuani alikuwa amezunguka lori akimtafuta; akamshika mkono, akamtazama kwa macho yaliyojaa machozi, akamwambia Mungu azidi kumbariki kwa ule moyo wake mweupe.

Chrispin alisimama pale pale, akingoja kusikia.

"Amina, mama," Editha akasema.